Kuku kumi, jogoo hapana

Mwanangu,

Salaam aleikum. Ujumbe wako ulinikuta juzi nikifunga banda, nikausoma kwa mwanga wa tochi. Unauliza kama bado inafaa kufuga kuku hapo Kira, pembeni ya Kampala, kwenye ploti ya futi 50 kwa 100, wakati kushoto mmejengewa ukuta na kulia kunapanda ghorofa la kupangisha. Halafu unaniambia mwenzako amepiga hesabu kwenye simu na anataka kuanza na kuku wa mayai 200.

Nakujibu kwa barua, maana kwenye simu utanikatiza.

Fuga. Ila fuga kumi, na jogoo usimlete.

Nianze na jogoo, maana huyo ndiye atakayekugombanisha na watu. Wapo watu wazima, wasomi kabisa, wanaoamini mtetea hatagi bila jogoo. Anataga. Jogoo anahitajika yai likitakiwa kutoa kifaranga. La kukaanga halimhusu. Hapo kwako kazi yake itakuwa kuwika saa kumi alfajiri chini ya dirisha la mtu aliyefika nyumbani saa sita usiku kwa sababu ya foleni. Mimi nilikuwa naye, unamkumbuka, yule mwekundu. Tulipohamia hapa Matugga kulikuwa na kahawa, migomba na vyura, awike asiwike nani atamsikia? Siku walipoingia wapangaji nyuma ya ua wetu, mama mmoja akanijia na mtoto mchanga mgongoni, macho mekundu. Hakugomba. Aliniuliza tu, "Mama, huyu jogoo mtamla lini?" Nikamchinja Ijumaa ile ile na paja moja nikampelekea. Leo nikisafiri, ni huyo huyo anayenilishia kuku.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata msumari, nenda kwa majirani. Waambie unataka kuleta kuku wangapi na banda litakaa wapi. Akikuonyesha mtu kwamba dirisha lake la chumbani linatazama pale, sogeza banda. Kisha pita kwa mwenyekiti wa LC, lile baraza la mtaa, na ofisi ya munisipaa uwaulize masharti yao. Kampala walitunga sheria ndogo za mifugo mjini mwaka 2006, mfugaji awe na kibali, lakini wewe Kira uko wilaya ya Wakiso, usije ukasomewa karatasi ya mji mwingine ukanyamaza.

Sasa hao 200. Mkwe wangu asinielewe vibaya, hesabu yake ya mayai naiamini. Nataka apige na ile nyingine. Kuku wa mayai anakula kama gramu 120 kwa siku. Kuku 200 ni kilo 24, yaani gunia la kilo 70 halifikishi siku tatu. Ukianza na vifaranga vya siku moja, unalisha miezi minne na nusu hivi kabla hujaona yai la kwanza. Na kinachoingia mdomoni kinatoka: ni kama kilo ishirini za kinyesi mbichi kila siku, kwenye ploti ambayo nyumba, shimo la choo na gari vimeshaimaliza. Utakipeleka wapi? Kumi wanakula kilo moja na ushei. Wakiwa kwenye kutaga vizuri utaokota mayai saba au manane, watoto wale, na trei moja moja iende kwa jirani kwa bei ya ujirani.

Aina gani? Wa kienyeji anataga mayai kumi na kitu kisha anakaa kuatamia, na mdomo anao. Ningekupa kuroila, wale walioletwa kutoka India mwaka 2010. Wanakula mabaki ya jikoni, wanakua haraka, na ni nadra sana kuatamia. Ukitaka mayai tupu, chukua wa mayai, lakini hao hawavumilii chakula cha kubahatisha.

Banda lako libane, mwanangu. Mimi nilijifunza kwa siafu. Mwaka ule wa kwanza niliamka usiku nikasikia kuku wanaguna, hawapigi kelele, wanaguna tu. Nikatoka na taa, nikaona ukuta wa banda unatembea. Watetea waliruka wakapanda juu ya paa. Vifaranga walikuwa kumi na saba, asubuhi nikafagia manyoya. Siafu hao leo huwaoni, viwanja vimemwagiwa zege kila mahali. Kicheche naye sijamwona miaka. Waliochukua nafasi yao ni panya, kwa sababu takataka za wapangaji zinalala nje, na mbwa wanaofunguliwa usiku. Wavu ule wa kawaida wa kuku unamzuia kuku asitoke, panya anapita kama mlangoni. Tafuta wa matundu ya nusu inchi, na chini uufukie shubiri moja ardhini. Mwewe ndiye hakuhama. Sijui nani aliyezibandika teksi zetu jina lake la Kiganda, kamunye, lakini alikuwa ameona anavyojipenyeza na kunyakua.

Paa liwepo hata kama kuku wako ni wakubwa. Januari 2017 mafua ya ndege yalipoonekana kwa ndege wa porini pale ghuba ya Lutembe, Ziwa Viktoria, nilikuwa nalisha uwanjani, kunguru na kuku sahani moja. Tangu siku hiyo chakula kinaliwa ndani.

Kuhusu harufu, ambayo ndiyo itakayomleta yule wa ghorofani: kuku hanuki, maji ndiyo yanayonusha. Kinyesi kikavu kwenye makapi ya kahawa hakina shida, kikilowa tu kinachoma pua. Mwaga makapi unene wa kiganja, ukiyageuza na reki kila baada ya siku mbili tatu. Chota konzi ubonyeze: yakishikana kama ugali, toa yale, weka mengine. Mara nyingi utakuta sababu ni chombo cha maji kinachovuja, si kuku. Kiinue kwenye tofali kifike usawa wa mgongo wao. Uchafu unaoutoa ulundike pembeni na ufunike, usiupeleke mbichi kwenye sukuma, utaunguza.

Kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku banda zima, nimekiweka mwisho kwa sababu bado kinaniuma. Siku mbili kabla ya Idi nilinunua watetea wawili barabarani, wanene, macho maangavu. Nikawatia bandani na wengine jioni ile ile, mimi niliyekulia kambi ya askari nikimsikia bibi yako akisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kule kambini, kwenye vile vijumba vya mabati vya duara, unipoti, kuku mgeni alifungwa kamba kweli, peke yake, mpaka wamwone. Mimi nikajifanya mjuzi. Siku ya sita mmoja alisimama kando, mabawa yameshuka, kinyesi kijani. Siku iliyofuata mwingine shingo ilipinda ikaangalia juu, akawa anazunguka kama anatafuta kitu angani. Kati ya ishirini na wawili nilibaki na watatu. Kideri hakina dawa. Nilichimba shimo nikawafukia wote. Kuna kijana wa bodaboda alitaka kuninunulia wale waliokuwa bado wanapumua, nikamfukuza.

Kwa hiyo kuku yeyote mpya akae mbali na wengine wiki mbili, na chanjo ya kideri irudiwe kila miezi mitatu. Na hapa pana jambo la mjini ambalo mwenye duka la dawa hakuniambia. Chanjo ile ni virusi hai vilivyopunguzwa makali, na maji ya bomba yana klorini, inaviua. Ukichanganya na maji ya bomba umewanywesha kuku maji. Tumia ya mvua au ya kisima. Asubuhi wanyime maji kwa muda wa saa mbili hivi ili wawe na kiu, halafu uwape, na yaishe haraka, kwani saa mbili baada ya kuchanganywa chanjo haina nguvu. Ile ya tone la jicho ni bora kwa kuku wachache. Chupa ndogo ninayoipata mimi ni ya kuku mia, na wewe utakuwa na kumi. Mwulize mwenye kuku mtaa wa nyuma, mchange, mchanje siku moja. Akiugua wa kwake, wako hawako mbali.

Ukichanganya chakula mwenyewe, mukene, yaani dagaa wakavu, utie kwenye beseni la maji kabla hujalipa. Mimi niliuziwa gunia ambalo robo yake ilikuwa mchanga. Unazama wote chini, muuzaji anaangalia pembeni.

Nina faranga kumi hapa, wameshachanjwa, karibu kuanza kutaga. Mwambie baba watoto nawaleta mwenyewe kwa teksi, wawe kwenye boksi lenye matundu, naye atafute wavu na mbao. Lakini siwatoi hapa mpaka unijibu yule mama jirani yako wa upande wa ukuta amesema nini.

Mama yako