Gitaa la shingo mbili: kabla hujatoa advansi

Ndugu, umeuliza kama umpe fundi advansi akuundie gitaa la umeme la shingo mbili, nyuzi 12 juu na 6 chini, mtindo wa Gibson EDS-1275 ya Jimmy Page, mpiga gitaa wa Led Zeppelin. Mpe, ila mbane kwenye uzito. Haya magitaa hufika kilo 5 na ushee, na bodi ikiwa nyepesi kuliko shingo, kichwa cha gitaa kinazama kila ukiachia mkono wa kushoto. Unapiga huku umelibeba. Lijaribu umesimama, mkanda mpana begani. Lazima pia swichi izime kabisa pikapu (vinasa sauti ya nyuzi) za shingo usiyoipiga, la sivyo mvumo wa nyuzi zake utasikika kwenye amplifaya. Na keisi ya kulibebea je? Kwenye ya kawaida haliingii, kwa hiyo bei ya keisi yake iingie kwenye mapatano. Nusu ya hela ibaki kwako mpaka ulisikie kwenye amplifaya.