Muziki wa filamu wenye ladha ya jazi: hela yote ipeleke kwenye tarumbeta

Mkuu, umeuliza kama filamu yako fupi ya usiku wa Mtwara mjini inaweza kupata muziki wa okestra wenye ladha ya jazi, wakati ulichonacho ni kompyuta na hela ya kuungaunga. Inawezekana. Nimeshatengeneza wa namna hiyo hapahapa, filamu ya jamaa yangu kuhusu dereva wa bodaboda anayezunguka Shangani usiku, msimu wa korosho. Ila sikubaliani na mchangiaji wa juu anayesema uweke saksafoni kila mahali. Utapata muziki wa mapokezi ya hoteli.

Sikiliza kwanza muziki wa filamu ya Chinatown ya 1974. Jerry Goldsmith aliutunga muziki wake kwa siku 10 tu: tarumbeta moja, ala za nyuzi, piano 4, vinubi 4 na wapigaji wawili wa ala za kugonga. Jazi imebebwa na tarumbeta; wengine wanaleta giza. Na wewe fanya hivyo. Vayolini za kompyuta zikishika nota ndefu kwa sauti ya chini, wengi hawatashtuka. Tarumbeta ya kompyuta inajulikana palepale.

Mpulizaji nilimtoa kwenye matarumbeta ya harusi. Wale jamaa wana pumzi, lakini wamezoea kupuliza juu ya pikapu wakishindana na honi, kwa hiyo kazi ni kumshusha. Nilimgeuzia kwenye blanketi lililotundikwa ukutani, maiki nikaiweka pembeni, halafu tukaning'iniza kofia ikafunika nusu ya mdomo wa tarumbeta. Ukali ukaisha. Feni tulizima, jasho lilitutoka vya kutosha.

Nota sikumwandikia. Nilimfungulia kipande cha filamu nikamwambia: wahusika wakiongea nyamaza, wakinyamaza jibu. Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, alifanya karibu na hivyo Paris, Desemba 1957, kwa filamu ya Louis Malle: wanamuziki walipiga huku wakitazama vipande vya filamu, mkononi wakiwa na mpangilio mdogo tu wa kodi (chord, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja).

Kodi yenyewe, jaribu D maina yenye saba na tisa (Dm9). Besi ichukue D peke yake, idonolewe kwa kidole. Seli (cello) ipe C, viola F, vayolini A na E. Hao wa juu usiwarudishie D, maana ule ukungu unaoutafuta unatokana na D kubaki chini peke yake. Tarumbeta ya B flati huandikiwa toni moja juu, kwa hiyo mpulizaji mwambie E maina, la sivyo mtagombana bure.

Mapigo usiyanyooshe. Programu ya kurekodia muziki ina kitufe cha kusogeza kila nota kwenye mstari; usikiguse, na brashi za dramu zichelewe kidogo. Mchangiaji aliyependekeza sindimba, ngoma ya Wamakonde, ana wazo zuri, ila ngoma ile ina moto wake, na mhusika wako muda mwingi anasubiri tu. Itampita.

Mhusika wako akiongea na mwanamke kwenye simu, ondoa tarumbeta kabisa. Inagombania nafasi na sauti ya huyo mwanamke, na ukiishusha nusunusu unapoteza vyote viwili. Acha besi na muungurumo wa pikipiki.

Ukishampata mpulizaji, weka hapa kipande chenye picha, siyo sauti tupu, tuangalie anaingia wapi.