Ukienda Kitulo usitafute tembo

Kila mwaka ikifika katikati, napigiwa simu na watu wa Dar. "Kaka, nasikia huko kwenu Mbeya kuna hifadhi ya maua, twende Agosti watoto wakiwa likizo." Jibu langu ni lilelile: Agosti nendeni Ruaha, wanyama wanashuka mtoni wanakunywa. Kitulo Agosti ni nyasi kavu na baridi ya kupasua midomo.

Hilo nimejifunza kwa aibu. Mara ya kwanza kupeleka wageni ilikuwa mwezi wa saba, na wageni wenyewe ni shemeji zangu. Mmoja alishuka garini na kandambili, akatazama uwanda ule mpaka macho yakachoka, akauliza, "Sasa shem, wanyama wako upande gani?" Nikamwambia simba na tembo hapa hakuna. "Na maua?" Nikasema Desemba. Akarudi ndani ya gari akapandisha kioo.

Kwa hiyo nenda mvua zikishakolea, kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Aprili. Utaloa, gari linaweza kukwama, na ukungu unaweza kukufungia asubuhi nzima. Vumilia tu. Kutoka Mbeya mjini mimi napenda kupitia Chimala, ile barabara inayopanda kwenda Matamba kwa kona zinazoitwa hamsini na saba. Kila nikizihesabu napata idadi nyingine, maana ikifika ya thelathini hivi kuna mtoto anatapika. Ukishapita Matamba umefika juu, mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari, na hapo koti si urembo. Njia ya Isyonje, kwa barabara ya Tukuyu, nayo inafika.

Ukishaingia, ushauri wangu mkubwa ni huu: shuka kwenye gari upige magoti. Sitanii. Tumezoea hifadhi ya kutazama mbali kwa darubini, kichwa kimetokeza juu ya paa la gari. Kitulo ukitazama hivyo unaona rangi tu, njano, nyeupe, zambarau, unapiga picha moja unasema nimemaliza. Okidi za ardhini, yaani zile zinazoota kwenye udongo na siyo juu ya miti, ziko aina zaidi ya arobaini pale, na nyingine zimejificha kwenye nyasi kiasi kwamba unazikanyaga ukiwa unazitafuta. Moja wataalamu waliiita Disa ukingensis, yaani Ukinga wetu huuhuu, nchi ya Wakinga, umeingia kwenye Kilatini.

Mimi nilizijua kwa mizizi kabla sijazijua kwa maua. Miaka ya tisini mwishoni, nikiwa darasa la tano, likizo nilikuwa naenda kwa mama mdogo upande wa Matamba, na tulikuwa tunachimba chikanda, yaani viazi vya okidi hizo. Wanunuzi walikuwa wanapeleka Zambia kupitia Tunduma. Kule wanakausha viazi vile, wanatwanga, wanachanganya na unga wa karanga, pilipili na magadi, wanapika mpaka inashikana kama mkate. Ni chakula kitamu, nimekila mara mbili, sioni sababu ya kukisingizia.

Kuchimba kwenyewe kulitaka mkono mwepesi. Unaingiza kijembe pembeni ya shina, unafukua udongo mweusi, unakuta viazi viwili vidogo vimekaa pamoja. Kimoja kimelegea, ngozi imekunjamana kama puto la jana. Hicho ndicho kinacholisha ua la mwaka huu. Cha pili kigumu, kimejaa, na hiyo ndiyo akiba ya mwaka ujao. Mama mdogo alikuwa anabonyeza kwa kidole gumba, kilicholegea anatupa, kigumu anatia kwenye ndoo. Hatukujua kwamba kila tulipotia kimoja kwenye ndoo, mmea ule ulikuwa umekufa. Na ndoo haijai kwa viazi kumi wala mia. Tulikuwa watoto wanne, bado ilituchukua siku nzima.

Kitulo ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, kilomita za mraba 412 na ushee, na biashara hiyo ilikuwa sababu mojawapo. Nasema haya ili ukikutana na mwenyeji wa pale anayelalamika kwamba zamani alikuwa anaingia bila kuulizwa, usimwone mkorofi. Ada ya shule za watu wengi ilitoka kwenye ule udongo. Mimi mwenyewe daftari zangu za darasa la sita zilitoka humo.

Mwaka huohuo wa 2005 dunia ilitangaziwa kipunji, kima ambaye watafiti walimkuta mlima Rungwe mwaka 2003, naye yuko pia kwenye msitu wa Livingstone ndani ya Kitulo. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamtaja siku zote. Usipange safari kwa ajili yake, ni mwoga na msitu ni mnene.

Nikishauri mtu mwenye nafasi ya safari mbili kwa mwaka, namwambia aanze Ruaha mwezi wa kumi. Tangu 1993 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya hifadhi, na utawakuta viboko wamebanana kwenye dimbwi la tope. Halafu Februari aje Kitulo, asimame pale maji yanapochuruzika chini ya nyasi bila kelele, yakitafuta njia ya kushuka bonde la Usangu na kuingia Ruaha Mkuu. Mashamba ya mpunga Mbarali, kinamasi cha Ihefu, wale viboko, mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, wote wako mbele ya hayo maji.

Mambo madogo: beba kitambulisho cha taifa, kiingilio cha Mtanzania ni tofauti na cha mgeni. Malipo ni kwa namba ya malipo, siyo fedha mkononi, kwa hiyo weka salio kabla mtandao haujakuacha mlimani. Viatu vya kufunga. Na usichume hata ua moja la kuweka nyuma ya sikio, najua utatamani.

Februari iliyopita nilimchukua mama mdogo. Hakuwa amepanda kule juu tangu hifadhi ianzishwe. Tulitembea na askari wa hifadhi, kijana mpole, akituonyesha hili na lile, mama mdogo kimya. Ghafla akainama, akatenga nyasi kwa mikono miwili, akataja jina la mmea ule kwa Kiwanji, akabonyeza udongo kando ya shina kwa kidole gumba kama anayepima embe. Kisha akamgeukia yule kijana.

"Mwanangu, mtu akikichimba hiki siku hizi mnamfunga miaka mingapi?"

Askari akacheka. Mama mdogo hakucheka, alikuwa anasubiri jibu.