Kamera nayo hupangiwa

Wapo wanaosema "kamera haidanganyi, mchoro ni wa kubuni". Hapana, hilo halisimami, hasa kwenye vita. Mfano ni mapigano ya Gettysburg, Marekani, Julai 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini. Mpiga picha Alexander Gardner na wenzake waliuhamisha mwili wa askari wa Kusini hadi kwenye maficho ya mawe, wakageuza uso uangalie kamera, wakaegemeza bunduki ukutani. Picha ikatolewa kama ya mdunguaji aliyefia hapo hapo. Mwanahistoria William Frassanito alilianika hilo mwaka 1975 kwa kulinganisha picha za maiti huyohuyo zilizopigwa sehemu mbili tofauti.

Na mapigano yenyewe? Kamera za wakati ule zilihitaji sekunde kadhaa kunasa picha moja, kwa hiyo anayekimbia alitoka ukungu tu. Ndiyo maana shambulio la Pickett, lile kubwa la jeshi la Kusini hapo Gettysburg, tunalo kwa penseli ya Alfred Waud, mchoraji wa gazeti aliyekuwepo. Magazeti nayo hayakuwa na namna ya kuchapa picha ya kamera moja kwa moja; hata za Gardner zilipita kwanza kwa mchongaji, aliyezichonga upya kwenye mbao za kuchapia.

Hapo ndipo mchoro una doa lake: Waud alichora haraka uwanjani, lakini msomaji alipata kilichochongwa upya na fundi ambaye hakuiona vita, na mara nyingine fundi aliongeza au kupunguza. Mimi nikitaka kujua alichoona Waud natazama penseli yake mwenyewe, si ukurasa wa gazeti. Michoro yake mingi ya penseli imehifadhiwa Maktaba ya Bunge la Marekani.