Maswali ya Wasomaji: Nasaba ya Padre Patrick Healy, Rais wa Georgetown

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu. Mimi ni mwalimu wa historia wa shule ya sekondari. Toleo lililopita liligusia kwamba Padre Patrick Healy, aliyeshika urais wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Washington, mwaka 1874, alizaliwa mtumwa. Wanafunzi wangu walikataa kuamini, nami nilisita. Mtumwa alifikaje kwenye kiti hicho miaka tisa tu baada ya utumwa kufutwa Marekani? Wazazi wake walikuwa nani?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, habari hiyo ni ya kweli, na wanafunzi wako wamefanya vyema kuitilia shaka kwanza.

Baba yake, Michael Morris Healy, alikuwa Mwairishi wa Roscommon aliyehamia Marekani karibu mwaka 1818. Alijipatia mashamba ya pamba jimboni Georgia, kando ya mto Ocmulgee, karibu na mji wa Macon, katika nchi iliyokuwa ya watu wa kabila la Creek kabla serikali ya jimbo haijawagawia wazungu kwa bahati nasibu. Mama yake, Mary Eliza, alikuwa mwanamke mwenye damu ya Kiafrika na ya kizungu, naye alikuwa mtumwa wa Healy huyo huyo. Waliishi nyumba moja kwa takriban miaka ishirini na kupata watoto kumi, ambao tisa kati yao walikua. Patrick, aliyezaliwa mwaka 1834, alikuwa wa tatu.

Sheria za Georgia ziliwafungia njia pande zote. Ndoa kati ya mzungu na mtu mwenye damu ya Kiafrika haikutambuliwa, na tangu mwaka 1801 hakuna bwana aliyeruhusiwa kumwacha huru mtumwa wake bila bunge la jimbo kupitisha sheria mahsusi. Kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa. Kwa hiyo mzee Healy, tajiri kama alivyokuwa, hakuwa na uwezo wa kumpeleka mwanawe shule iliyokuwa jirani na shamba lake. Alichoweza ni kuwatoa watoto katika jimbo, mmoja baada ya mwingine, na kuwapeleka kaskazini: kwanza kwenye shule za Waquaker, madhehebu ya Kikristo, huko Flushing, New York, na Burlington, New Jersey, kisha, mwaka 1844, kwenye chuo kipya cha Wakatoliki cha Holy Cross, Worcester, jimboni Massachusetts. Huko wavulana walibatizwa, na huko Patrick alihitimu mwaka 1850, akajiunga na Wajesuiti, shirika la mapadre wa Kikatoliki, mwaka huo huo.

Mwaka 1850 ndio ulioitikisa familia. Eliza alifariki mwezi wa Mei, na mumewe, kwa maana namwita mumewe ingawa sheria ilikataa, akamfuata mwezi wa Agosti. Watoto wadogo kabisa walibaki Georgia, na mbele ya sheria walikuwa watumwa wasio na baba wa kuwakinga. Mwezi wa Septemba bunge la Marekani lilipitisha sheria kali ya kuwakamata watumwa waliotoroka, hata waliokwisha kufika majimbo huru. Hugh, kaka wa pili, alikuwa kijana wa miaka kama kumi na minane aliyekuwa akijitafutia maisha New York. Alirudi Georgia, mahali ambapo yeye mwenyewe angeweza kushikwa na kupigwa mnada, akawachukua wadogo zake na kuwafikisha New York salama. Miaka mitatu baadaye alikufa kutokana na ajali ya boti. Katika ukoo huu uliojaa watu wenye vyeo, mimi huyu kijana asiye na cheo ndiye ninayemfikiria zaidi.

Kuna jambo jingine, Mwalimu, ambalo darasani halipaswi kurukwa. Mzee Healy alipokufa alikuwa na watumwa 49. Hao hawakupelekwa kaskazini. Walikodishwa, kisha wakauzwa, na fedha zikawaendea watoto wake. Karo iliyowasomesha akina Healy ilitoka kwenye pamba iliyochumwa na watu waliokuwa na hali ile ile ya kisheria kama mama yao. Na rais wa kwanza wa Holy Cross, aliyekuwepo wavulana walipofika mwaka 1844, alikuwa Padre Thomas Mulledy, ambaye mwaka 1838, akiwa mkuu wa Wajesuiti wa Maryland, aliuza watu 272 kwenda Louisiana, na sehemu ya fedha hizo ikalipa madeni ya Georgetown. Chuo hicho hicho Patrick alikuja kukiongoza.

SWALI: Sisi wa pwani tumelelewa tukijua kwamba mtoto wa suria ni huru kama baba yake, na anarithi. Iweje huko mtoto wa bwana mwenye mali ahesabiwe mtumwa?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu yangu, umegusa tofauti ya msingi. Katika sheria ya Kiislamu iliyofuatwa pwani, mtoto ambaye bwana amemkubali kuwa wake huzaliwa huru na hurithi sawa na watoto wa mke, na mama yake hawezi kuuzwa tena, bali huwa huru bwana anapofariki. Ndiyo maana Majid na Barghash, wote wana wa masuria wa Seyyid Said, waliweza kutawala Unguja pasipo yeyote kuwahoji kwa sababu ya mama zao. Virginia, koloni la Waingereza huko Amerika, kwa upande wake iliandika mwaka 1662 kwamba mtoto hufuata hali ya mama, na makoloni mengine ya kusini yakafuata. Kanuni hiyo ilimfaidi mwenye shamba: kila mtoto aliyezaa na mtumwa wake alimwongezea mali, wala hakumdai chochote.

Lakini tusijipongeze. Suria wa Unguja hakuulizwa kama anataka, na Eliza wa Georgia naye, hata kama mapenzi yalikuwapo, hakuwa na sheria iliyompa nafasi ya kukataa.

SWALI: Je, hao ndugu zake Padre Patrick waliishia wapi?
Mama wa Parokia, Bukoba

JIBU: Mama, utafurahi. Wavulana watatu walipata upadre. James, kifungua mimba, alipewa daraja hilo Paris, katika kanisa la Notre-Dame, mwaka 1854, na mwaka 1875 akawa askofu wa Portland, jimboni Maine, akiwachunga Wairishi waliokuwa maskini kama babu zake upande wa baba. Sherwood aliongoza kanisa kuu la Boston. Aliwahi kufikiriwa kuongoza chuo cha mapadre Wamarekani huko Roma, lakini rangi ya sura yake ikatajwa kuwa kikwazo. Mabinti watatu waliingia utawani. Mmoja alitoka baadaye akaolewa, na mwingine, Eliza, aliyechukua jina la mama, akawa mama mkuu wa konventi ya St. Albans, Vermont, tangu mwaka 1903 hadi 1918.

Michael, mwana aliyeitwa jina la baba yake, hakuipenda shule. Alitoroka akaenda baharini, akawa nahodha wa meli za serikali za ulinzi wa forodha, na kwa miaka mingi meli yake, Bear, ndiyo iliyokuwa sheria, hospitali na posta kwenye pwani ya Alaska. Alipoona wenyeji wanakumbwa na njaa kwa sababu nyangumi na walrasi wamevuliwa kupita kiasi, alisaidia kuwaletea kulungu wa kufugwa kutoka Siberia. Ulevi na ukali wake vilimfikisha mahakamani mwaka 1896 na akavuliwa uongozi wa meli, ingawa alirudishiwa baadaye.

SWALI: Ni sahihi kumwita Patrick Healy rais wa kwanza mweusi wa chuo Marekani?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Si sahihi kwa namna hiyo. Askofu Daniel Payne, mtu mweusi, alishika urais wa Wilberforce, chuo cha watu weusi huko Ohio, mwaka 1863. Healy ni wa kwanza mwenye asili ya Kiafrika kuongoza chuo kikuu cha wazungu, na ndivyo tunavyopaswa kuandika. Ila yeye mwenyewe hakujitambulisha hivyo. Baada ya kupata udaktari wa falsafa Leuven, Ubelgiji, alirudi Marekani akiwa na ngozi nyeupe na jina la Kiairishi, na watu wengi walimchukulia kuwa mzungu. James naye alikataa mialiko ya kuhutubia makongamano ya Wakatoliki Weusi yaliyoanza mwaka 1889. Wapo wanaowalaumu. Mimi nakumbuka kwamba walijifunza kunyamaza wakiwa wadogo, wakati neno moja kuhusu mama yao lingetosha kuwarudisha Georgia.

Patrick alijiuzulu mwaka 1882 kwa sababu ya ugonjwa. Katika miaka minane aliimarisha masomo ya sayansi, akazikuza shule za sheria na udaktari, na kujenga jengo kubwa la mawe lenye mnara wa saa ambalo leo lina jina lake. Baada ya hapo alisafiri mara nyingi na kaka yake askofu, Marekani na Ulaya. Alifariki Januari 1910, akazikwa katika makaburi ya Wajesuiti yaliyomo ndani ya chuo.