Mume wangu ana akili zake timamu, mbona hawezi kuacha kubeti?

Wapendwa wasomaji, mwezi huu meseji zimekuja nyingi, na karibu zote zinauliza kitu kilekile kwa sura tofauti: inakuwaje mtu mzima mwenye akili zake anafanya jambo ambalo yeye mwenyewe anajua sio. Nimechukua nne. Majina nimeyaficha kama mlivyoomba.

SWALI: Shikamoo dada. Mume wangu ni fundi magari hapa Temeke, hanywi, havuti, kazi anaipenda. Shida ni mikeka tu. Kila siku anabeti, akikosa ananuna, akipata kidogo anairudisha yote. Tumegombana mpaka wazee wameitwa. Mama mkwe anasema karogwa, mimi naona hana akili. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Hajarogwa, na akili anazo, mtu asiye na akili hafungui injini akairudisha ikawaka. Kulikuwa na mwanasaikolojia Mmarekani anaitwa B. F. Skinner, alitumia miaka mingi kuangalia panya na njiwa ndani ya boksi lenye kitufe cha kutolea chakula. Ukimzoesha mnyama kwamba kila akibonyeza anapata, siku ukikata chakula atabonyeza kidogo alafu ataacha, maana ameona mambo yamebadilika. Ila ukimfanya asijue, yani leo mara 3 ndo kinatoka, kesho mara 20, mara inayofuata 5, huyo anabonyeza haraka haraka bila kupumzika, na hata ukikata kabisa ataendelea kwa muda mrefu sana kwa sababu kukosa kwake ni kitu cha kawaida, siku zote alikuwa anakosa kosa kabla ya kupata.

Sasa uangalie mkeka. Ameweka timu 10, 9 zimeshinda, ya 10 imerudishiwa goli dakika za nyongeza. Hela imeenda ileile ambayo ingeenda kama timu zote 10 zingefungwa, lakini yeye harudi nyumbani akijiona mtu aliyeliwa, anajiona mtu aliyekaribia. Watafiti waliopima ubongo wa watu wakiwa wanacheza kamari waligundua kwamba kukosa kwa kidogo tu kunaamsha sehemu zilezile zinazoamka mtu akishinda, na kunamfanya atake kucheza tena. Ndo maana kumwambia "si umeona umekosa" hakusaidii, wewe unaona kukosa na yeye anaona kukaribia. Ongeza na kijiwe: aliyepiga mkeka anatangaza mpaka mtaa wa pili, wale waliochaniwa wamekaa kimya, kwa hiyo masikioni mwake ushindi ni mwingi kuliko ulivyo kweli. Na siku hizi hakuna hata haja ya kwenda dukani, kitufe chenyewe kiko kwenye simu ileile ambayo mshahara unaingia.

Kwa hiyo dada yangu usipigane na tabia yake, pigana na mazingira ya hiyo tabia. Mkae siku ambayo hajakosa wala hajapata, mkubaliane hela ya kodi, ada na chakula itoke kwake siku ileile inapoingia, ikae sehemu ambayo yeye peke yake hawezi kuitoa. Yeye mwenyewe aombe kampuni imfungie akaunti, sio wewe umfiche simu, ukificha atatafuta nyingine na utakuwa umegeuka askari wake. Angalieni pia saa anazobeti, wengi ni zile za kusubiri kazi, muda mtupu usipowekewa kitu kingine simu itaujaza. Na mwambie mama mkwe kwa heshima zote kwamba hela ya mganga ilipe ada. Kama kashaanza kukopa kwa siri au kuuza vitu vya ndani, hapo nendeni kwa mshauri nasaha hospitalini, hilo limeshakuwa gonjwa kama ulevi mwingine wowote na halitibiwi kwa kikao cha familia.

SWALI: Juzi stendi mama mmoja alianguka kifafa, watu kama 50 tumesimama tunaangalia, mpaka muuza maji alipokuja kumshika. Usiku sikulala. Watu tumekuwa wanyama siku hizi?

JIBU: Hapana ndugu yangu, na hilo la kusema "watu wamekuwa wanyama" lina jina lake kabisa, kwa Kiingereza "fundamental attribution error", mwanasaikolojia Lee Ross aliliandikia mwaka 1977, ni ile tabia yetu ya kuona kitendo cha mtu tukakimbilia kulaumu roho yake tukasahau hali aliyokuwemo.

Hili lako lilichunguzwa na wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané, waliandika mwaka 1968. Waliwaweka wanafunzi wa chuo kila mtu chumba chake wakawa wanaongea kwa maiki, ghafla mmoja akasikika anaanza kifafa, ilikuwa sauti ya kurekodi lakini wao hawakujua. Waliodhani ni wao tu wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutoa taarifa kabla hali haijaisha. Waliodhani kuna wengine 4 wanasikia, asilimia 31 tu. Na hao waliobaki ndani hawakuwa makatili, walipofunguliwa mlango walikutwa mikono inatetemeka, viganja vina jasho, wanauliza kama mwenzao yuko salama. Umati ndo uliwagandisha, kila mmoja anaona kuna mtu mwingine atakayefanya, na pale stendi mnapoonana, kila mmoja anamwangalia mwenzake ajue kama hili ni jambo la dharura, mwenzake naye katulia anamwangalia yeye.

Wengi mmeshasikia kisa cha Kitty Genovese aliyeuawa New York mwaka 1964, ndicho kilichowasukuma hao watafiti. Gazeti liliandika kwamba watu 38 waliangalia bila kufanya kitu, ila baadaye ilionekana habari ile ilikuzwa sana, wengi hawakuona tukio lenyewe na jirani mmoja alishuka akamshikilia mpaka msaada ulipofika. Nalisema hili kwa sababu mpaka leo linafundishwa nusu nusu.

Siku nyingine ikitokea usiite "jamani saidieni", jamani sio mtu. Nyoosha kidole: wewe kaka wa shati la bluu piga simu, wewe dada lete kanga tumuwekee chini ya kichwa. Ukishamtaja mtu, ule umati umeshaisha. Na kifafa msimbane wala msimwekee kijiko mdomoni, ondoeni vitu vya kumuumiza pembeni, mlazeni ubavu degedege likiisha.

SWALI: Niko mwaka wa kwanza chuo, test ni wiki ijayo. Saikolojia na sosholojia naona zinasema kitu kimoja, tofauti yake nini hasa?

JIBU: Anza na mwanasosholojia Mmarekani C. Wright Mills, mwaka 1959 alitoa mfano ambao mimi binafsi naona haujapata mpinzani. Mji wa watu 100,000 ukiwa na mtu mmoja hana kazi, hilo ni tatizo lake, tuangalie ujuzi wake, tabia yake, nafasi zilizopo jirani. Lakini nchi yenye wafanyakazi milioni 50, milioni 15 wakiwa hawana kazi, huwezi kukaa unachunguza tabia ya mmoja mmoja, hapo kilichovunjika ni mfumo wa ajira wenyewe. Chukua huyo fundi wa Temeke: saikolojia inauliza kwa nini kidole chake kinarudi kwenye simu, sosholojia inauliza kwa nini mtaa mzima wa vijana wa kiume wanabeti na sio mabinti, na kwa nini mtu anayefanya kazi kutwa anaona njia ya kupata kiwanja ni jakipoti. Kwenye test ukiandika moja tu kati ya hayo utapata nusu ya maksi, na utakuwa umestahili nusu.

SWALI: Kwenye kikoba chetu mweka hazina alisoma mahesabu, nikaona kabisa hayajakaa sawa, ila wenzangu wote 22 wakasema sawa na mimi nikanyoosha mkono. Mimi ni mwoga?

JIBU: Ulifuata mkumbo mama, kama wengi wetu. Mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari mitatu, mtoto mdogo angejua upi unalingana na ule wa pembeni, lakini watu waliopangwa naye kwa siri walipotaja jibu baya kwa sauti, kama robo tatu ya waliopimwa walikubaliana nao walau mara moja. Kinachokuhusu wewe ni sehemu ya pili: akiwepo mtu mmoja tu anayetoa jibu sahihi, kufuata mkumbo kulishuka sana, na walioandika jibu kwa siri badala ya kulitamka nao walifuata mkumbo kidogo kuliko waliotamka. Kwa hiyo kabla ya kikao kijacho mtafute mwanachama mmoja, mmoja tu anatosha, mkae na daftari la hisa mjumlishe wawili. Alafu mkaombe mahesabu yapitishwe kwa vikaratasi, sio kwa kunyoosha mikono.