Re: Vimaua vya njano vinavyotambaa nyuma ya nyumba, Tucson, Arizona – USIMWAGILIE MAJI

Weka ndoo chini kwanza ndo usome.

Mkuu umeuliza hivyo vimaua vya njano vilivyotambaa nyuma ya apatimenti yako baada ya mvua za Julai vinaitwaje, ukauliza kama unaweza kuvihamishia kwenye makopo barazani, na mwezi gani mzuri wa kwenda kupiga picha jangwa likiwa limechanua. Waliokujibu hapo juu wote wanasema "ua la asili la jangwa hilo, zuri sana, litunze". Hao hao au binamu zao ndo walioniponza mimi.

Kwenye picha yako naona petali tano, ua la sentimita moja hivi, vijani vidogo vimepangana pande mbili za kijiti, shina limelala chini limesambaa kila upande. Kwa dalili hizo una mimea miwili mkononi na hujui ni upi. Kuna Kallstroemia, mwenyeji halali wa jangwa la Sonora, haina ugomvi na mtu. Na kuna Tribulus terrestris, yaani MBIGILI. Ndio, ile ile ya Dodoma na Singida iliyokutoboa nyayo ukiwa unachunga. Imefika Marekani kabla yetu sote na haijawahi kuombwa viza.

Najua mtu atauliza, sasa wewe mtoto wa Dodoma ulishindwaje kuijua mbigili? Swali zuri, hata mke wangu analiuliza mpaka leo. Mimi mbigili nilikuwa naijua kwa mguu bwana, nani alikuwa na muda wa kuinama kuangalia ua lake.

Nikapiga picha ua peke yake, nikatupia kwenye apu ya simu, ikaniletea Kallstroemia. Sikuridhika, nikaenda na simu mpaka duka moja la miche, jamaa wa pale na likofia lake kubwa akatupia jicho akasema hiyo ni ya asili, imwagilie itakupa maua mpaka Septemba. Hakuomba kuona jani wala kuuliza kama lina tunda, alafu akaniuzia na mfuko wa mbolea juu! Mimi nikawa namwagilia na kutia mbolea mbigili, kwa hela yangu, katika jimbo ambalo sheria yake inaihesabu kuwa gugu hatari. Na ikanikubali kweli, ikatanda mpaka njia ya gari, majirani wanasifia.

Ila hilo sio kosa lenyewe. Kosa lenyewe lilikuja ilipokauka. Nikaikwangua yote kwa reki (ambapo nusu ya mbegu zilibaki chini, hilo nalo sikujua), nikairundika kwenye mboji, na lile rundo langu halikuwa na joto la kuua hata sisimizi. Alafu kwa roho nzuri niliyonayo nikaigawa ile mboji kwenye shamba la jumuiya ambako kina mama wa Kikongo na Kirundi wanalima lengalenga na matembele. Nikaimwaga mwenyewe, tuta kwa tuta, nikapewa na mboga za kwenda nazo nyumbani.

Mvua zilizofuata, mkuu, we acha tu. Kila tuta vimaua vya njano. Tairi la toroli chini, tyubu za baiskeli za watoto zinavuja kila siku, mama mmoja mtu mzima anayelima na kandambili ikamwingia kisiginoni akawa anachechemea mpaka kanisani. Na mbegu zake zinaweza kulala ardhini miaka kadhaa zikisubiri mvua, kwa hiyo ukiona msimu umepita safi usishangilie. Mpaka leo kule shambani jina langu ni Baba Mbigili. Nimezoea, hata kwenye harusi nishatambulishwa hivyo.

Sasa sikiliza. Ua halikwambii kitu, GEUZA SHINA. Shika ncha pale penye ua, rudi taratibu kuelekea kwenye mzizi, maana unavyorudi nyuma unakutana na matunda yaliyotangulia, mabichi alafu makavu, yote kwenye shina moja. Chukua lililokomaa ulivunje. Mbigili inagawanyika vipande vitano, kila kipande kigumu kina miiba mikali, miwili mirefu imetokeza kama pembe za kichwa cha mbuzi. Kallstroemia inatoa vipande kumi, vina vinundu tu, miiba hakuna, na tunda lake lina kamdomo kamesimama juu. Tano zenye miiba au kumi bila miiba, basi. Apu yako haijui kuhesabu hivyo ukiipa picha ya petali.

Ikiwa mbigili, ing'oe ardhi ikiwa bado na unyevu wa mvua. Vaa glavu nene, kusanya matawi kuelekea katikati, kata mzizi mkuu chini kidogo ya usawa wa udongo, tia kwenye mfuko, funga, tupa kwenye pipa la taka. SIO KWENYE MBOJI. Zilizodondoka chini, vaa kandambili nene za sponji ukanyage eneo lote, zinajichomeka zenyewe kwenye soli, unakaa unazitoa na plaizi. Kazi ya kijinga lakini inafanya kazi.

Na wewe hapo juu unayemwambia akaushe asage anywe kwa nguvu za kiume, nenda kafungue uzi wako.

Na hayo maua ya jangwani unayotaka kwenda kupiga picha, yale ya msimu wa machipuko yanayofanana na vializeti, nayo usiyataje jina kwa kuangalia ua kutokea juu. Encelia farinosa ni kichaka, kijiti kinagawanyika kinabeba maua kadhaa. Baileya multiradiata kila kijiti na ua lake moja, na petali zikikauka zinang'ang'ania hapo hapo. Piga picha mgongo wa ua na majani ndo uulize. Ila hayo hayatoboi tairi, turudi kwenye la kwako.

Kesho asubuhi fuata shina, vunja tunda, weka picha hapa. Ya ua usilete tena, tumeshaliona.